Watoto wananiita Baba Mayai, nifanyeje na meko moja na hakuna friji?

Anti, salamu sana.

Mi husoma hii safu yako kitambo lakini sijawahi kuandika, nilikuwa naona ni ya wamama tu. Saa hii nimebanwa. Naishi Kayole na watoto wawili, msichana ako gredi ya sita na kijana ako gredi ya kwanza. Bibi yangu alienda kwao Kakamega juu mamake alianguka akavunjika nyonga na hakuna mtu mwingine wa kumuuguza, tulidhani ni wiki mbili hivi lakini mambo ya mfupa ni polepole, so tumekubaliana akae huko mpaka shule zifungwe. Mimi kwa hilo sina neno, mama mkwe ni mama. Shida yangu ni jikoni.

Nimelelewa Kitui, na kwetu mvulana akisongea jiko anafukuzwa na mwiko. Nikiwa bachela hapa Nairobi nilikuwa nakula kibandani, nikaoa nikaanza kupikiwa. So kupika kwangu ni vitu tatu, chai, ugali na mayai ya kukaanga. Kazi yangu iko Industrial Area, natoka saa kumi na moja lakini ile jem ya Outering unaijua, kufika kwa mlango ni saa moja unusu na huyo kijana tayari anasinzia kwa kochi. Mchana nashukuru Mungu wanakula shuleni ile Dishi na County, chakula ya kaunti ya shilingi tano, na jirani yangu anawaangalia mpaka nifike, lakini usiku ni mimi. Leo ugali mayai, kesho chipsi za pale chini ya ploti, kesho kutwa ugali mayai. Chipsi za watu watatu ukinunua hivyo mshahara unaisha mwezi ukiwa bado mbichi. Juzi nikipanda ngazi nikasikia msichana wangu akimwambia jirani "tunangoja Baba Mayai", wakacheka, na mimi nikacheka, lakini iliniingia.

Usidhani sijajaribu. Jumapili moja nilinunua maharagwe nikayaweka kwa moto saa saba mchana, saa kumi na mbili yalikuwa bado mawe na gesi ikazima, tukakula mkate na chai. Nyanya nilipata za bei ya kutupa Muthurwa nikabeba nyingi, zikaozea kwa ndoo. Sukuma nikipika inageuka nyeusi na inaogelea kwa maji. Bibi naye kila siku ananitumia video za mapishi, ati ni rahisi, ati ni dakika kumi na tano, ukifungua unapata mtu ako na oveni na blenda na krimu na majani ambayo hata mama mboga wetu hajawahi kuyaona. Mimi niko na meko ya kilo sita, sufuria mbili, kikaango cha chapati, mwiko na kisu. Friji hatuna. Na kuuliza mama mboga nipike vipi naona aibu, ataambia ploti yote.

Mamangu amesikia na ameshika msimamo anitumie binamu yangu aje atupikie mpaka bibi arudi. Huyo msichana bado ako sekondari. Bibi hataki, mimi niko katikati.

Nisaidie Anti, nipike nini ambacho mtu kama mimi ataweza, na hiyo ya binamu niamue vipi. Alafu kitu ya mwisho, mwisho wa mwezi msichana wangu anafikisha miaka kumi na mbili na ameomba chapati na ndengu tu, hataki keki. Chapati mimi sijui ata zinaanzia wapi.

Baba Mayai, Kayole

*

Baba Mayai, pole kwa mama mkwe, nyonga kwa mtu mzima si mchezo. Na jina usilikatae, linakufaa mpaka mwisho wa hii barua.

Hizo video futa. Bibi yako anatuma kwa mapenzi lakini mwambie aache, badala yake akurekodie sauti akikueleza vile yeye hupika kwa hiyo hiyo meko yenu, na hizo hizo sufuria zenu. Yeye ndiye anajua ni gani ina kitako chepesi inaunguza. Mtu wa oveni hawezi kukusaidia, mnaishi dunia mbili.

Nikisoma barua yako naona unajaribu kufanya kazi yote wewe mwenyewe, kuanzia kuchemsha maharagwe mpaka kukata sukuma, saa mbili usiku, na watoto wana njaa. Hakuna mtu Nairobi anapika hivyo akitoka kazi. Nusu ya kazi ya jikoni hapa inauzwa barabarani, imeshafanywa. Wewe jifunze hiyo nusu ingine, na hiyo nusu kusema ukweli ni kitu kimoja tu, kukaanga kitunguu na nyanya vizuri. Ukiijua hiyo utakula nayo wiki nzima bila kurudia.

Sasa sikiza hapa pole pole. Kitunguu kimoja kikubwa, kata nyembamba. Mafuta vijiko viwili vya kula, sufuria ipate moto kwanza ndio kitunguu kiingie, alafu punguza moto uwe wa katikati. Hapa ndipo wanaume wengi mnaharibu, kitunguu kikipiga kelele kidogo tu mshamwaga nyanya juu yake. Wacha. Kikae dakika tano, sita, ukikoroga, kilegee kabisa na kianze kushika rangi ya kahawia pembeni. Ponda punje mbili za kitunguu saumu na kitako cha glasi uweke, nusu dakika tu isiungue. Ndio sasa nyanya tatu zilizoiva zimekatwa vidogo, na chumvi hapo hapo, juu chumvi inazifanya zitoe maji haraka. Funika, moto chini, kama dakika nane. Fungua uziponde na mwiko mpaka usione tena vipande, uendelee mpaka uone mafuta yanajitenga pembeni ya sufuria. Hiyo ndio alama, ngoja hiyo. Ukiweka maji kabla mafuta hayajajitenga utapata supu ya nyanya mbichi na watoto watakuangalia tu. Kama unapenda weka binzari nusu kijiko pamoja na nyanya. Royco sikukatazi lakini ukiiweka basi punguza ile chumvi, iko na yake.

Nyanya zikipanda bei, na zinapandanga, tumia moja na kijiko cha ile ya pakiti.

Haya, uko na kaanga yako. Tuanze na mayai juu huko ndiko kwenu. Hiyo kaanga ikiwa tayari ongeza maji nusu kikombe, ikitokota pasua mayai manne moja moja ndani ya mchuzi, usikoroge, funika dakika tano sita mpaka kiini kishike. Dhania ya kumi juu. Ni mayai yale yale lakini sasa kuna mchuzi wa kuchovya ugali, na nakuhakikishia huyo msichana atauliza kama umeagiza mahali.

Siku ya pili githeri. Ukishuka stage jioni, lazima kuna mama ako na sufuria kubwa juu ya jiko la makaa anauza githeri imechemshwa tayari, na mara nyingi maharagwe peke yake pia, anakupimia na kikombe. Mtu huyo ndiye atakuokoa. Ameamka mapema akaweka moto yeye, wewe gesi yako haijaguswa. Muulize imechemshwa leo ama jana, nusa, ikiwa na uchachu ama inavuta utelezi mshukuru uende zako. Ukifika kwa nyumba usianze kukaanga moja kwa moja, itokote kwanza kwa maji safi dakika kumi hivi, mwaga, alafu ingia kwa kaanga na viazi viwili umekata vidogo vidogo na karoti na maji kidogo, funika mpaka viazi viive. Kabeji ya kukatwa ukiongeza dakika za mwisho ni sawa. Sufuria moja, hakuna ugali wa kusonga usiku huo. Kijana akikataa mahindi magumu mtolee viazi na maharagwe umpondee, hiyo ni mukimo ya haraka haraka.

Lakini kabla hujanunua githeri kuna kitu umtume jirani awaulize wakitoka shule: mchana mmekula nini? Hiyo Dishi na County mara nyingi ni wali na maharagwe ama ndengu, sasa mtoto akikula maharagwe saa saba na wewe umkaribishe na maharagwe saa mbili atakuchukia bure. Mchana ikiwa ni maharagwe, usiku iwe omena, mayai ama kabeji na viazi.

Ndengu sasa. Wewe ni mtu wa Kitui, ndengu zinatoka kwenu na Makueni zinakuja kulisha Nairobi, alafu wewe ndio unanunua chipsi. Tafadhali. Ndengu hazina ubishi wa maharagwe. Usiku watoto wakae na sinia wachague mawe, hiyo ni kazi ya msichana na kijana wote, wanaipenda sana ukiwaambia anayepata jiwe anashinda. Asubuhi ukitoka osha kikombe kimoja na nusu uloweke kwa maji mengi, ufunike. Ukirudi jioni zimefura, mwaga hayo maji, weka mapya, chemsha, na nusu saa hivi zinapasuka. Bila kuloweka pia zinaiva lakini utakaa hapo karibu saa nzima ukichoma gesi. Zikiiva ziache na maji yake kidogo, zimwage kwa bakuli, tumia sufuria hiyo hiyo kukaanga, rudisha ndengu ndani, ponda kidogo na mwiko ili mchuzi uwe mzito, dakika kumi moto wa chini. Karoti ukiikwaruza ndani inaleta utamu watoto wanapenda.

Na hiyo ya meko moja na vyakula viwili, kuna mpangilio. Kile kinachoshika joto ndicho kinaanza. Kama ni wali, upike kwanza, alafu ile sufuria uifunge na shuka ama leso nzito uiweke kando, itakaa moto wakati unakaanga mchuzi. Kwa mchele mzuri wa pishori kikombe kimoja kwa vikombe viwili vya maji, ukipenda punje punje punguza maji kidogo, maji yakikauka juu funika kabisa na uweke moto wa chini kuliko vyote dakika kumi, usifungue fungue. Kama ni ugali na sukuma, ugali ndio wa kwanza, upindue kwa sahani uufunike na bakuli, sukuma mwisho juu sukuma haitaki kungoja mtu. Kama ni ugali na mchuzi, mchuzi kwanza, unarudishiwa moto dakika mbili tu.

Hiyo sukuma yako nyeusi, najua umefunika na umeweka maji. Sukuma ina maji yake. Kitunguu kwa mafuta mpaka kilegee, nyanya moja ukipenda, moto juu, sukuma ndani, koroga, usifunike, dakika tatu au nne ikiwa bado kijani chumvi, toa. Mama mboga akikukatia ni sawa, kazi imepungua, lakini mwambie aioshe kabla ya kukata sio baada, na uichukue hiyo jioni unayopika, ikilala imekatwa asubuhi imeshakuwa ya njano.

Na kuhusu hiyo aibu yako ya mama mboga, ndugu yangu, yeye tayari anajua. Anajua bibi hayuko, anajua unanunua mayai trei nzima, ploti yote inajua. Mwambie tu "mama nisaidie, leo ninunue nini kiive haraka", ataanza kukuchagulia nyanya zilizo ngumu na kukuongezea dhania. Mteja wa kila siku anapendwa.

Maharagwe yako ya Jumapili hayakuwa na laana. Kwanza hukuloweka. Pili, labda yalikuwa ya zamani, maharagwe yakikaa sana gunia linakuwa la changarawe na hakuna moto utayabembeleza. Tatu ni kitu watu hawafikirii, Nairobi iko juu karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari na maji huku yanatokota kwenye nyuzi 94 hivi, sio 100 kama Mombasa, so kila kitu cha kuchemsha kinachelewa. Jirani wa Pwani akikuambia yake yaliiva kwa muda wa saa moja tu usimwite muongo.

Ukitaka kuyajaribu tena wikendi, na ujaribu, fanya hivi: Jumamosi usiku loweka. Jumapili asubuhi mwaga maji, weka mapya, yatokote kwa nguvu, sio kuchechemea, kwa dakika ishirini zote. Hapo usipunje hata dakika, hasa yale mekundu, juu yakiwa hayajatokota sawasawa yana kitu kinatapisha watu vibaya sana. Alafu zima gesi, usifungue kifuniko, zungushia sufuria magazeti, shuka, blanketi zito, uiweke ndani ya boksi ama beseni uifunike juu, muende kanisani. Masaa matatu manne yanaendelea kujipika yenyewe na hujalipia chochote. Ukirudi unayarudisha kwa moto yatokote tena mpaka yalainike, kama yalikuwa mazuri ni dakika chache tu. Lakini usifanye hiyo asubuhi ya Jumatatu ukienda kazi urudi usiku, masaa kumi na mbili yanapoa yanakuwa vuguvugu na vuguvugu ndio chakula kinaharibikia. Nyanya na limau usiweke kabla hayajaiva, zinayafanya yakatae kulainika. Magadi ni wewe, inalainisha kweli, lakini inaua vitamini na ukizidisha yanakuwa na ladha ya sabuni, mimi siweki.

Omena usiiogope. Hiyo ni chakula ya mtu hana friji kabisa, kavu, inakaa kwa mkebe, na watoto wanakula na mifupa yake ndio kalsiamu hiyo. Watoto hukataa omena juu ya uchungu na mchanga, so wewe imwagie maji moto dakika mbili, isugue pole pole, osha na maji baridi mara kadhaa mpaka usisikie mchanga chini ya beseni, na kama kijana ni mkaidi toa vichwa, uchungu unapungua sana. Chuja. Iweke kwa sufuria kavu bila mafuta ikauke kabisa mpaka ukiikoroga inalia, ndio uweke mafuta ikaangike iwe ngumu. Alafu kaanga yako pembeni, uzichanganye mwisho, kamulia limau. Dirisha fungua kabla ya kuanza, nguo za shule zitoe hapo karibu, la sivyo mwalimu atajua mlikula nini.

Siku ya uvivu, ya mwisho wa wiki umechoka kabisa, pika pilau njeri. Najua watu wa Mombasa wataniandikia barua, waandike. Kitunguu kikaange mpaka kiwe kahawia kabisa, karibu kuungua lakini kisiungue, rangi yote ya pilau inatoka hapo. Kitunguu saumu, kijiko kimoja cha pilau masala, viazi umekata vinne vinne, nyanya moja, chumvi, mchele vikombe viwili, maji manne, funika. Hakuna nyama na hakuna atakayelia. Kachumbari ya nyanya na kitunguu juu, avokado ikiwa msimu.

Ya kununua, gawanya mara mbili tu kwa kichwa. Vitu vikavu na vigumu nunua wingi ukienda Muthurwa, mchele, ndengu, omena, unga, vitunguu, viazi, kabeji. Vitunguu na viazi viwekwe mahali pa giza na hewa, sio ndani ya karatasi ya plastiki, na sio pamoja, vinaharibika haraka. Kiazi kikishika kijani kata hiyo sehemu yote utupe, na kikiwa kijani mwili mzima kitupe chote. Kabeji usiipasue katikati, ng'oa majani ya nje kuingia ndani vile unahitaji, nzima inakaa wiki na zaidi bila friji. Mayai yanakaa vizuri nje mahali hapana joto, usiyaoshe mpaka siku ya kupika. Vitu laini, nyanya, sukuma, dhania, hizo ni za jioni hiyo na labda kesho, bei ya kutupa isikudanganye tena.

Kiporo bila friji ni hatari kidogo. Ugali uliobaki kula na chai asubuhi, kawaida. Wali uliolala usiwape watoto jioni ya kesho hata ukiuchemsha vipi, kuna bakteria wa wali anaacha sumu ambayo moto hautoi. Maharagwe na ndengu zikibaki, zitokote usiku huo huo, zifunike usizichokonoe na kijiko kilicholiwa, asubuhi zitokote tena, na zikifika jioni hiyo ni mwisho. Ama uliza jirani huyo mzuri kama ana friji. Pika ndengu nyingi umpe bakuli, yeye akuwekee yako.

Gesi: moto ukilamba kando ya sufuria unapasha ukuta. Kikitokota tu punguza, funika kila kitu isipokuwa sukuma. Ukimaliza funga pale pale kwenye mtungi, na hiyo meko kama iko chini sakafuni iweke kwa kona kijana hapiti akicheza. Msichana wa miaka kumi na mbili anaweza kumenya, kuchagua mawe, hata kuosha mchele kabla hujafika, lakini kuwasha asiwashe ukiwa haupo.

Chapati za besdei. Unga wa ngano vikombe vitatu, chumvi kijiko cha chai, sukari kijiko cha chai, mafuta vijiko vitatu, maji ya vuguvugu kidogo kidogo kama kikombe kimoja na zaidi, ukande dakika kumi mpaka unga uwe laini kama ndewe ya sikio. Uache umefunikwa nusu saa, hiyo nusu saa ndio watu huruka wakapata chapati za kupigia mwizi. Gawanya madonge, sukuma moja, paka mafuta, viringisha kama kamba, izungushe kama konokono, ipumzike tena, isukume, ichome kwa kikaango kilichopata moto sawasawa, mafuta pande zote mbili. Jaribu wikendi moja kabla ya siku yenyewe. Zikikataa, nunua kwa yule wa kona zikiwa moto na wewe upike ndengu, mradi ndengu ziwe zako.

Ya binamu yako. Hapana. Mtoto ako sekondari haachi shule kuja kupikia mwanaume mzima na mikono yake miwili, na akikosa muhula mmoja ni nani ataulipa? Hapo bibi yako ako sawa, wewe hauko katikati, uko upande wake. Mamako usimjibu kwa hasira, na usimwambie bibi ndiye amekataa, hiyo itakuwa kesi ya miaka. Mpigie Jumapili mwambie "mama asante, mtoto asome, nimeanza kupika". Atacheka, atakuuliza unapika nini, na hapo ndipo umuombe, badala ya msichana akutumie ndengu kwa basi la Kitui, kilo tano, zile za shamba mpya.